Amri ya Kubariki

Rust ni lugha ya kuandikia programu, na wanaotengeneza kompaila yake, programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa programu ya kuendeshwa, wana amri wanayoiita bless, yaani kubariki. Ili kuielewa lazima kwanza ujue majaribio yao yalivyo. Kompaila hiyo inasifika kwa ujumbe wake wa makosa: ukikosea inakuonyesha mstari, inalipigia alama neno lenyewe, na mara nyingi inapendekeza dawa. Ujumbe huo unalindwa na maelfu ya majaribio. Kila jaribio ni faili dogo la msimbo, mara nyingi lenye kosa la makusudi, na kando yake lipo faili la pili lililoandikwa neno kwa neno kile ambacho kompaila inapaswa kusema. Mchangiaji akigusa sentensi moja tu inayotumika sana, mamia ya majaribio yanaweza kuanguka kwa mpigo. Hakuna atakayekaa kuyahariri kwa mkono. Basi anaandika amri ya kubariki, kompaila inaendeshwa tena, na kila ilichosema safari hii kinaandikwa mahali pa kile kilichotarajiwa. Kilichotokea leo kinageuka kuwa kilichokusudiwa tangu jana.

Sina ugomvi na amri hiyo. Bila yake kazi ile isingewezekana, na mwongozo wa mradi unamtaka mchangiaji apitie mabadiliko yote kabla ya kuyawasilisha. Ninachokipenda ni jina. Baraka kwetu hutolewa na mtu: mzee, shehe, padri, mama mzazi anayekusindikiza stendi. Hutolewa na anayejua anambariki nani na kwa safari gani. Waliochagua jina hilo walikiri jambo ambalo zana nyingi za aina hii hulificha, kwamba kusasisha jaribio ni kitendo cha mamlaka. Unatangaza kwamba tabia mpya ya programu ndiyo sahihi.

Nalisema hili kwa sababu miradi mingi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuchangia, sasa inakimbilia kuziachia mashine nyaraka na majaribio yake, na katika mbio hizo kazi mbili tofauti zinafungwa katika furushi moja. Kazi ya kwanza ni kugundua kwamba msimbo, jaribio na maelezo vimeachana. Ya pili ni kuvipatanisha upya. Ya kwanza ningeiachia mashine hata leo usiku. Ya pili mashine inaweza kuiandikia rasimu, lakini sahihi iwe ya mtu anayejua programu ilikusudiwa kufanya nini. Ninachokiona ni kinyume chake: wengi wanajenga mashine ya kupatanisha kabla hawajajenga ya kugundua.

Dalili kwamba wajenzi wa zana wanaijua hatari hii ziko nyingi. Jest, zana ya majaribio ya lugha ya JavaScript, ilileta mwaka 2016 majaribio ya picha: unahifadhi matokeo ya leo, kesho yanalinganishwa. Yakitofautiana, herufi moja tu, u, inatosha kuandika mapya. Lakini ukiiambia Jest kwamba inaendeshwa kwenye seva ya majaribio ya mradi, inakataa kujihifadhia picha mpya. Inaangusha jaribio na kungoja mtu. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, nayo ina hati zake za amri kwa jozi, moja ya kusasisha na nyingine ya kuthibitisha. Ile ya kuthibitisha hutengeneza upya mafaili yanayozalishwa na mashine, huyalinganisha na yaliyomo kwenye ghala la msimbo wa mradi, na yakitofautiana hulalamika. Kurekebisha ni juu yako.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa, maana kwa anayelitazama kwa mbali linaweza kuonekana kama ugomvi wa mafundi.

Nilipoanza kuchangia programu huria nilikuwa Morogoro na intaneti yangu ilikuwa bando la simu. Mwongozo wa mradi mmoja ulinielekeza kwanza nipakue kifurushi chenye gigabaiti kadhaa. Nikapakua, usiku, bando la bei nafuu lilipofunguka. Amri ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali, ya tatu haikuwepo tena. Haikuwa imeharibika, ilikuwa imeondolewa kwenye programu muda mrefu uliopita, na kile kifurushi nilichopakua hakikuhitajika tena. Nikauliza saa mbili asubuhi. Watunzaji walikuwa pwani ya magharibi ya Marekani, kwao ni usiku, na jibu likaja saa tatu usiku ya kwetu, la upole kabisa: ukurasa huo ni wa zamani, tumia huu. Siku nzima ilikwenda, na bando la wiki nzima likaenda nayo.

Mtu aliye ofisi moja na mwandishi wa msimbo akikwama huinua kichwa na kuuliza upande wa pili wa meza. Wengi wetu huku meza hiyo hatuna. Tuna ukurasa. Ukurasa ukisema uongo, hatuna pa kuuthibitishia ila kuusoma msimbo wenyewe, na si kila anayeutegemea anaweza. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unatumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ina mizizi yake Eldoret nchini Kenya, katika mpango wa afya wa AMPATH. Ofisa takwimu wa wilaya anayefuata maelezo ya mfumo kama huo haandiki msimbo wa Java. Anaamini alichokisoma.

Kwa hiyo ningependa kila mradi uige curl.

curl ni programu ya kusafirisha data kwenye mtandao, iliyotolewa kwa jina hilo Machi 1998 na Daniel Stenberg wa Sweden, na leo imo ndani ya simu, magari na runinga kwa wingi usiohesabika. Maktaba yake, yaani msimbo wake ambao programu nyingine huutumia ndani yake, ina machaguo yapata 300 ambayo mtayarishaji anaweza kuyaweka, na kila moja lina ukurasa wake wa mwongozo. Mradi wenye wachangiaji waliotapakaa dunia nzima unawezaje kuhakikisha kurasa hizo zote zinakwenda sambamba na msimbo? Jibu lao halikuwa roboti ya kuandika kurasa. Waliweka walinzi. Jaribio namba 1119 linalinganisha majina yote ya hadhara yaliyomo kwenye msimbo na orodha inayosema kila jina liliingia toleo gani. Jaribio namba 1139 linahakikisha kila chaguo lina ukurasa. Ongeza chaguo bila kuliandikia, na ombi lako la kuingiza mabadiliko linaonekana jekundu kama vile umevunja muunganisho wa mtandao wenyewe. Hapo ndipo panaponifurahisha: upungufu wa maelezo umepewa uzito uleule wa hitilafu ya msimbo, umekaa kwenye foleni moja nayo, na mtunzaji hahitaji kumkumbusha mtu kwa adabu kila wiki.

Wakaenda mbali zaidi. Mifano ya msimbo iliyomo ndani ya kurasa za mwongozo hunyofolewa na kupitishwa kwenye kompaila. Mfano unaoita kitu kisichokuwepo hauwezi kudumu. Mhusika wa kosa langu la Morogoro angekamatwa siku ileile amri ilipoondolewa.

Wazo hilo lenyewe ni la zamani. Mtayarishaji programu Tim Peters aliliingiza kwenye lugha ya Python kwa jina la doctest, likawa sehemu ya toleo la 2.1 mwaka 2001: mfano ulioandikwa kwenye maelezo unaendeshwa, na jibu linalinganishwa na lile lililoandikwa. Rust ikalifanya kuwa desturi, mifano ya kwenye maelezo ya maktaba huendeshwa pamoja na majaribio mengine bila kuombwa. Lugha ya Go ina namna yake pia.

Lakini walinzi wote hawa wana upofu mmoja. Wanaendesha mfano, hawasomi sentensi. Chukua fanksheni, kipande cha msimbo chenye kazi yake moja, ambayo maelezo yake yanasema inarudisha majina kwa mpangilio wa alfabeti, na mfano wake unaingiza Asha, Baraka na Chausiku, kwa mpangilio huohuo. Mwaka unaofuata mtu anaondoa upangaji ili programu iende kasi. Mfano bado unapita, maana majina yaliingia yakiwa yamekwisha kupangika. Sentensi iliyo juu yake sasa ni uongo, na hakuna mlinzi aliyeinua kichwa.

Hapa ndipo akili mnemba inapoingia kwa haki, na sitaki kuikataa kwa sababu tu imekuwa gumzo. Mifumo ya lugha inasoma sentensi. Oktoba 2025 Stenberg huyohuyo alizisifu zana za uchambuzi za aina mpya, zinazotumia akili mnemba, zilizomletea hitilafu nyingi za kweli ndani ya curl, na miongoni mwa uwezo aliousifu ni kutambua pale ambapo maelezo yaliyo juu ya fanksheni yanasema hivi na msimbo chini yake unafanya vile. Hilo ndilo tundu ambalo doctest haikuweza kuliziba kwa zaidi ya miaka 20.

Na mradi huohuo mwishoni mwa Januari 2026 ulifunga mpango wake wa kuwazawadia fedha wanaoripoti udhaifu wa usalama, baada ya kulemewa na ripoti zilizozalishwa na akili mnemba, ndefu, zenye lugha safi, na zisizo na ukweli ndani yake. Jambo hilo lilinilazimisha kurekebisha mawazo yangu. Nilikuwa nikidhani kugundua ni salama daima na kuandika ndiko kwenye hatari. Ripoti zile mbovu nazo zilikuwa madai ya ugunduzi. Tofauti kati yao na zile alizozisifu ni kwamba nyuma ya zile nzuri alikuwapo mtu aliyezichambua kabla ya kumsumbua mwenzake. Jaribio namba 1139 likilalamika, halikosei na halimgharimu mtu chochote kulihakiki. Mfumo wa lugha ukilalamika, kuna binadamu atakayelipa kwa saa zake. Kwa hiyo hata ugunduzi wa aina hii unahitaji mtu wa kuutia sahihi kabla haujatoka mlangoni.

Sasa njoo kwenye kinachoendelea zaidi, yaani wakala wa akili mnemba anayepewa agizo moja: badilisha msimbo, sasisha majaribio, sasisha nyaraka. Dakika chache baadaye kila kitu ni kijani.

Chukulia programu ya kukokotoa nauli. Jaribio linatarajia shilingi 1,150. Mabadiliko ya namna ya kukadiria sehemu za shilingi yanaleta 1,149. Wakala anaona jaribio limeanguka, na kazi yake aliyopewa ni kuhakikisha halianguki, basi anafuta 1,150 anaandika 1,149. Kisha anapitia ukurasa wa maelezo, anakuta mfano wenye 1,150, anausahihisha pia, na sentensi iliyosema kiasi hukadiriwa kwenda juu anaigeuza iseme hukadiriwa kwenda chini. Vitu vitatu vinakubaliana kikamilifu. Vyote vitatu vimekosea, maana mwenye daladala hakuwahi kuamua kupunguza nauli.

Kinyozi hajinyoi. Jaribio ni shahidi, na shahidi anayesikiliza kwanza mshtakiwa anasema nini ndipo naye aseme hivyohivyo hana kazi mahakamani. Najua nitajibiwa kwamba binadamu nasi tunafanya hayo, hasa Ijumaa jioni, na ni kweli, nimefanya. Lakini uvivu wetu ulikuwa na faida moja ambayo hatukuwahi kuihesabu. Mtu aliyechoka alibadili namba kwenye jaribio akasahau ukurasa. Miezi sita baadaye msomaji akaandika: ukurasa unasema kwenda juu, mbona programu inashusha? Swali hilo ndilo lililofichua kosa. Ukurasa uliochakaa ulikuwa umehifadhi nia ya awali. Kuachana kwa maandishi na msimbo kulikuwa ufa, na kupitia ufa huo ndipo mtu aliona kwamba nyumba imeinama. Mashine inayopiga lipu kila ufa usiku uleule unapotokea inatupa ukuta laini, na nyumba inaendelea kuinama.

Hili ndilo ninalotaka watunzaji walipime. Tumezoea kuuita utofauti kati ya nyaraka na msimbo uchafu, na kazi yetu kuwa kuufagia. Sehemu yake kubwa ni uchafu kweli. Lakini sehemu yake ni ushahidi, na wakala anayefagia hawezi kutofautisha, kwa sababu kinachotofautisha viwili hivyo hakimo kwenye ghala la msimbo. Kimo kichwani mwa aliyeamua nauli ikadiriwe kwenda juu, au kwenye mazungumzo ya mwaka juzi, au kwenye sheria ya nchi.

Watunzaji watasema wamechoka, na hapo nawaonea huruma ya dhati. Wengi wanajitolea, usiku, baada ya kazi inayowalisha. Mtu anayeniambia kwamba ukurasa ulioandikwa na mashine ni bora kuliko ukurasa usiokuwepo hanidanganyi; mara nyingi ni kweli. Kwa hiyo sisemi kila herufi ipite mkononi mwa mtu. Jina la faili likibadilika, njia ya folda ikihama, orodha ya machaguo ikiongezeka, mashine iandike na iendelee, kama ile hati ya kusasisha ya Kubernetes inavyofanya kwa mafaili yanayozalishwa. Maana haijaguswa. Inapoguswa namba iliyotarajiwa, au sentensi inayoahidi kitu kwa mtumiaji, hapo mambo yabadilike. Wapo wanaopendekeza mabadiliko ya matarajio yaingie kwenye komiti yake peke yake, yaani kifurushi chake cha mabadiliko katika historia ya mradi. Mimi siafiki, kwa sababu komiti ya kwanza ingebaki na majaribio yaliyoanguka, na anayetafuta chanzo cha hitilafu kwa amri ya bisect ya Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, angejikwaa hapo. Yaingie pamoja na msimbo, lakini pamoja na mstari mmoja ulioandikwa na mtu: kwa nini 1,149 ndiyo sahihi sasa. Asiyeweza kuuandika mstari huo hajui anabariki nini.

Na kwa maelezo ambayo hakuna aliyepata muda wa kuyapitia, tunayo desturi nzuri tayari, ya watu ambao waandishi wa msimbo huwa hawawaulizi: watafsiri. Kila aliyewahi kutafsiri programu kwa Kiswahili kwa kutumia gettext, zana ya kutafsiri maneno ya programu, anaijua alama ya fuzzy. Django, mfumo wa kujengea tovuti ambao Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake, hutumia mfumo huo. Sentensi ya asili ya Kiingereza ikibadilika kidogo, mashine haiitupi tafsiri ya zamani wala haijifanyi kujua mpya. Inaiweka ya zamani karibu na sentensi mpya na kuitia alama: hii inafanana, lakini haijathibitishwa. Na wakati wa kufungasha toleo, zilizotiwa alama huachwa nje kwa kawaida, na mtumiaji anaona Kiingereza.

Waliotafsiri OpenOffice, programu za kazi za ofisi, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walifanya kazi hiyo ili mtu asome Kiswahili, nami kama mtafsiri ninajua inavyouma kuona sentensi ya Kiingereza ikirudi katikati ya skrini uliyokwisha kuitafsiri. Imewahi kunikasirisha. Lakini fikiria kitufe ambacho zamani kilificha rekodi, na sasa kinaifuta moja kwa moja. Kwa muuguzi aliyeweka kidole juu ya kitufe hicho, Kiswahili kinachosema rekodi itafichwa ni hatari kuliko sentensi ngeni itakayomfanya asite na kuuliza.

Nyaraka za miradi yetu zingeweza kubeba alama hiyohiyo. Msimbo unaoelezwa na aya umeguswa, aya haijasomwa na mtu tangu wakati huo: msomaji aone hilo juu ya ukurasa, na aone ni tangu toleo lipi. Kuitia alama ni kazi ya mashine kabisa. Akili mnemba ikipendekeza maneno mapya, yakae chini ya alama hiyo hadi mtu ayapitie.

Mwezi uliopita nilifungua faili la tafsiri ya mradi mdogo ninaouchangia na kukuta sentensi 14 zimetiwa alama baada ya toleo jipya. Nilikaa nazo jioni moja. Sentensi 11 nilizisoma, nikazilinganisha na asili, nikaondoa alama bila kugusa neno hata moja. Tatu nikaziandika upya.